Siku Gitaa Lilipopanda Begani

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa upande wa muziki. Tunajua wengi mlitegemea tuandike juu ya Franco, au juu ya rumba ya Kongo kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021. Franco atapita humu ndani, msijali. Lakini leo tunaanza na kitu ambacho hakuna mtu anakitungia wimbo: mkanda wa gitaa. Ule unaopita begani.

Sababu wanaijua waliokuwepo tarehe 20 Juni. Kwa ambao hawakuwepo: ilikuwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tuko jukwaani mbele ya wageni, tumefika kwenye sebene, vumbi limeshaanza kunyanyuka. Kaka yetu wa solo akaruka kidogo tu, wala si kuruka kwa sarakasi, mkanda ukachomoka nyuma, kwenye kitako cha gitaa. Gitaa likapinduka, likatangulia kichwa, likapiga saruji. Kuna watu walicheka, walidhani ni sehemu ya shoo. Shingo ilikatika pale juu, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Gitaa lile tulilisubiri miaka miwili, barua baada ya barua, na lilikuwa la umeme la pekee kwenye zoni yetu yote.

Fundi anayetengeneza vitanda amelibandika kwa gundi na kulibana usiku kucha. Linalia. Ila jua likifika utosini nyuzi zinalegea, na baada ya kila wimbo inabidi tusimame tutyuni upya, watu wanapiga miluzi.

Wiki nzima lawama zilikuwa kwa kijana wa solo. Amevimba kichwa, anajifanya staa, na maneno mengine ambayo hatutayaandika. Mpaka mzee mmoja wa hapa jirani, aliyepiga gitaa toka enzi za Mobutu, akatuita akatuuliza swali moja: kabla ya kupanda jukwaani, nani kati yenu aliutazama mkanda? Hakuna aliyejibu. Akacheka. Akasema, sisi tulianza tumekaa chini, wanangu, ndiyo maana magitaa yetu hayakuanguka.

Hilo neno lake la kukaa chini ndilo lilitufanya tuanze kutafuta. Ukisoma juu ya gitaa la kwetu utakuta habari za vidole, za studio, za nani aligombana na nani. Jinsi gitaa lilivyotoka mapajani likapanda begani, hiyo haisimuliwi sana. Na sisi tunaona bila hiyo hakuna sebene tunayoijua leo.

Tuanzie Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mtu aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki, alifika Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Huko alimrekodi kijana anaitwa Jean-Bosco Mwenda, wa ukoo wa Bayeke, na wimbo wake "Masanga" ukasafiri mbali kuliko yeye alivyotegemea. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba linatembeza besi, shahada inaimba juu, mpaka msikilizaji anadhani kuna watu wawili. Pamoja naye kulikuwa na akina Losta Abelo na Edouard Masengo, na Masengo baadaye alifika hadi Nairobi akapata jina kubwa. Hawa wote waliimba Kiswahili. Kijana wa Lubumbashi na kijana wa Nairobi walielewana bila mkalimani.

Sasa jaribu kupiga namna ile ukiwa umesimama na gitaa linaning'inia. Utaona shida. Mkono wa kulia unataka gitaa litulie kama meza, maana vidole viwili vinafanya kazi ya watu wawili. Paja ndilo linalituliza. Gitaa lenyewe nalo lilikuwa jepesi, boksi tupu la mbao, lile ambalo huku Afrika Mashariki wazee wanaliita galatoni. Jina hilo linatokana na Gallotone, chapa ya Afrika Kusini, ya kampuni ileile iliyouza sahani za santuri. Na hapa kuna jambo lilitufurahisha: gitaa la kwanza la John Lennon, yule wa Beatles, lilikuwa Gallotone Champion, la bei rahisi, lililotoka Afrika Kusini. Kwa hiyo huyo bwana wa Liverpool na wajomba zetu walianzia kwenye galatoni.

Galatoni nyingi hazikuwa na mahali pa kufunga mkanda pande zote mbili. Mtu akitaka kusimama, au akitaka kutembea nalo mtaani akipiga, alifunga uzi kichwani, chini ya vigingi, na upande wa pili akafunga kwenye kijiti cha kitako kama kipo. Kamba ya katani, utambi, kipande cha kitenge. Mpaka leo ndivyo kwaya zetu zinavyofanya. Gitaa la boksi halina uzito, kwa hiyo kamba ile inatosha.

Tuongeze kidogo hapa kwa ndugu zetu wa Burundi kabla hawajatulalamikia. Ngoma zao ni nzito kuliko gitaa lolote, na wanaingia uwanjani wamezibeba kichwani huku wanazipiga, bila mkanda wowote. Hilo tunalikubali. Lakini gitaa haliwezi kukaa kichwani.

Kilichobadilisha mambo ni umeme. Na mwanzoni hata umeme wenyewe haukumsimamisha mtu: magitaa ya umeme ya kwanza kuuzwa, ya Rickenbacker kule Marekani mwaka 1932, yalikuwa ya kulazwa mapajani. Halafu mwaka 1950 Leo Fender akaanza kuuza gitaa la ubao mzima usio na tundu, lile ambalo mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster, na mwaka huohuo wa 1951 akatoa besi yake, Precision. Gibson wakajibu mwaka 1952 na Les Paul.

Hiyo besi tunataka tukae nayo kidogo. Kabla yake, besi lilikuwa dude kubwa kuliko mtu, linasimama lenyewe sakafuni, mpigaji anasimama kando yake kama anamshika mgonjwa. Bendi nyingi za rumba za miaka ya 50 zilikuwa nalo. Hubebi, linakusimamisha mahali pamoja. Besi ya Fender iliinuka kutoka sakafuni ikaning'inizwa begani mwa mtu mmoja, kilo 4 hivi za mbao na chuma, na shingo ndefu yenye vigingi vizito mwishoni. Shingo ndefu inataka kuzama chini. Ndiyo maana ile pembe ya juu ya besi ni ndefu: kifungo cha mkanda kimesogezwa mbele ili uzito ukae sawa. Watu wengi wanadhani ile pembe ni urembo. Ni mizani.

Kwa hiyo tangu miaka ile magitaa ya umeme yanatoka kiwandani na vifungo viwili vya chuma, kimoja mbele, kimoja kwenye kitako. Vidogo kama punje ya hindi. Kila kitu kinategemea hivyo.

Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, umeme uliingia kwenye gitaa mwaka 1953, alipofika Mbelgiji mmoja mpiga gitaa, Bill Alexandre, kufanya kazi na kampuni ya kurekodi ya CEFA. Mwaka huohuo Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz, na mwaka 1956 ikaja OK Jazz ya akina Franco. Kufikia Januari 1960, African Jazz walipokwenda Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru na Docteur Nico akiwa kwenye solo, gitaa la Kongo lilikuwa limeshasimama. Halikukaa tena.

Lakini kusimama ni jambo moja na kucheza ni jingine. Bendi za wakubwa walisimama kwa heshima, suti, tai, mguu mmoja mbele. Vijana wa Zaïko Langa Langa, walioanza mwaka 1969, ndio waliourefusha ule mwisho wa wimbo ambapo waimbaji wananyamaza na gitaa linashika usukani. Sebene ikawa ndefu. Halafu miaka ya 80 ikaja kwasa kwasa, kiuno kikaanza kuzunguka, na mpiga gitaa hakubaki nyuma, naye yumo ndani ya mstari. Hebu fikiria mkanda uliotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wima, sasa unabeba kilo 4 juu ya mtu anayezungusha kiuno dakika saba.

Hapa tukamwelewa yule mzee, na tukamwomba radhi kijana wetu wa solo.

Tulichukua mkanda na gitaa bovu tukakaa nao mchana mzima kuona hasa nini kilitokea. Kifungo kina kichwa kipana na shingo nyembamba. Tundu la ngozi linapita kichwani kwa nguvu, kisha linatulia shingoni. Sisi tulidhani mkanda unachomoka kwa sababu ya uzito, gitaa linavuta mpaka linashinda. Sivyo. Uzito ukivuta, ngozi inabanwa kwenye shingo ya kifungo na inakaa. Hatari ni pale uzito unapopotea. Ukiruka, ukinyanyua gitaa juu kidogo, ukiinama kumsalimia mtoto mbele ya jukwaa, kwa nukta moja mkanda unalegea. Tundu lililochoka linateleza juu ya kichwa cha kifungo. Ukitua, uzito unarudi, na hakuna tena kinachoushika. Ndiyo maana mtu haoni. Dakika thelathini gitaa lilikuwa salama, na sekunde moja ya wepesi ndiyo ikaliangusha.

Jua la huku nalo lina kesi ya kujibu. Ngozi inayoanikwa kila siku inakauka, inapasuka pembeni mwa tundu. Mikanda ya bei rahisi wala si ngozi, ni plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi, tundu lake linafunguka kama kitufe cha shati la zamani.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani walikutana na tatizo hili mapema, maana huko kuruka jukwaani na gitaa kulikuwa kama ibada. Na gitaa kama Les Paul, kichwa chake kimeinamishwa nyuma, likianguka ni pale pale linakatika. Letu lilikuwa na kichwa cha namna hiyo. Basi kiwanda cha Schaller cha Ujerumani kikatengeneza kufuli: unatoa kifungo cha zamani, unafunga chao, na kwenye mkanda unafunga kipande cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi, halafu kipini chenye springi kinaingia ndani kinashika. Dunlop wa Marekani nao wana yao, unabonyeza katikati ndipo inaachia. Ni vitu vizuri. Ila hata kufuli ina nati yake upande wa mkanda, na nati ikilegea kufuli nzima inaondoka na gitaa. Chuma hakikuondolei kazi ya kutazama.

Wasio na hela ya kufuli walifanya nini? Hapa ndipo tulipopapenda. Uholanzi kuna bia inaitwa Grolsch, chupa zake zinafungwa kwa kizibo cha waya chenye raba ya mviringo. Wapiga gitaa walichukua ile raba, wakaweka mkanda kwenye kifungo, kisha wakaisukuma raba juu yake. Basi. Raba inaziba njia, tundu haliwezi kupita. Watu waliokuwa na magitaa ya bei ya pikipiki waliyashikilia kwa raba ya chupa ya bia. Huku kwetu chupa zina visoda, raba hiyo hatuna. Lakini tyubu za baiskeli tunazo, na ndala zilizokatika tunazo.

Kabla hatujafika huko, neno juu ya safari. Mkanda haukuwa wa jukwaani tu. Muziki tunaousikia redioni ukanda huu wote ulibebwa begani kuvuka mipaka. Super Mazembe walitoka Zaire wakapita Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Samba Mapangala alifika Nairobi mwaka 1977. Maquis du Zaïre walitoka Katanga wakaweka makao Dar es Salaam. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, alifika Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 2010, Watanzania wanamwita Dokta. Hao wengi hawakuwa wakimbizi kwa maana ya karatasi tulizonazo sisi, walifuata kazi. Lakini kuishi kwa kibali, kusubiri ofisini, kuambiwa urudi kesho, hayo waliyajua.

Na yule mzee wetu alivuka Ziwa Tanganyika na gitaa la boksi mgongoni, mkanda wake kamba ya manila. Anasema mtumbwi ulikuwa umejaa na watu waliambiwa watupe mizigo. Alitupa sufuria. Mkewe bado anamkumbusha.

Sasa tulivyofanya. Kwanza skrubu. Kile kifungo kimeshikwa na skrubu moja tu ndani ya mbao, na kwenye gitaa letu ya mbele ilikuwa inazunguka bila kukaza, mbao imekwisha meno. Tuliitoa kwa bisibisi, tukachomeka njiti mbili za kiberiti zilizokatwa vichwa, na gundi ya mbao, tukaacha ikauke usiku mzima, tukarudisha skrubu. Inauma kama mpya. Halafu tukakata vipande vya tyubu, vya mviringo, ukubwa wa sarafu, na tundu dogo katikati, dogo kuliko kichwa cha kifungo, ili uingize kwa kulivuta. Mkanda kwanza, raba juu yake. Tulijaribu kipande kimoja, tukamwambia kijana wa solo aruke. Akakataa. Aliruka mwingine, juu ya godoro, mara ishirini. Raba haikutoka. Ya ndala ni nene zaidi lakini inapasuka haraka, tumerudi kwenye tyubu.

Jambo jingine ni waya. Usiuchomeke moja kwa moja ukauacha unaning'inia. Upitishe kwanza kati ya mkanda na gitaa, kule kwenye kitako, ndipo uchomeke. Mtu akikanyaga waya, mkanda unapokea ule mvuto na sauti haikatiki. Hilo wapigaji wazoefu wote wanalifanya, sisi tulidhani ni pozi.

Tuna dada mmoja anapiga mkono wa kushoto, na gitaa lililopo ni la kulia. Jimi Hendrix alifanya hivyohivyo, aligeuza Stratocaster ya kulia na kuhamishia kifungo cha mkanda kwenye pembe ya pili, ile fupi. Dada amekuwa akipiga amekaa kwa sababu kifungo kiko upande usiofaa na mkanda unamkaba. Kutoboa tundu jingine kwenye gitaa la kikundi kunahitaji wote tukubali, maana tundu halifutiki. Tumelijadili mara tatu. Wengine wanasema gitaa litaharibika sura. Sisi tunaoandika hapa tunasema litobolewe, limeshakatika shingo, sura gani tena inalindwa?

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma hapa, tunasema kwa heshima na bila kumlaumu mtu. Vifaa vinapoletwa, kwenye karatasi huandikwa gitaa 1, spika 2, maiki 2. Mkanda hauandikwi. Unakuja ule uliokuwa kwenye boksi, au hauji, na tunasaini kwamba tumepokea vyote. Mkanda mzuri wa ngozi na kufuli zake ni bei ndogo sana ukilinganisha na gitaa. Tukiomba gitaa jingine, tunajua tutasubiri tena miaka. Basi safari ijayo mstari mmoja uongezwe kwenye ile orodha.

Jumamosi saa 9 alasiri tunakutana chini ya mwembe wa karibu na bomba. Tutakata raba za magitaa yote ya kwaya, za madhehebu yote, bure. Mwenye tyubu mbovu ya baiskeli alete, hata yenye viraka. Bisibisi tunayo moja, ya nyota; ya bapa tunaomba kuazimwa. Na suala la tundu la dada yetu tutalipigia kura hapohapo, kwa hiyo msichelewe.